Fundi wa Boti Anajibu: Mashine inawaka, halafu inazima

SWALI: Shikamoo fundi. Nina boti ya mbao ya kubebea dagaa, inatumia mashine ya dizeli ya silinda mbili. Juzi nilibadilisha filta ya mafuta mwenyewe, ile yenye bakuli la kutenga maji. Tangu hapo mashine inawaka vizuri, inakwenda kama dakika tano, inaishiwa nguvu na kuzima. Fundi mmoja hapa kijijini kaniambia pampu ya nozeli imekufa, ninunue nyingine. Hela hiyo sina. Nifanyeje?
Msomaji, Nansio, Ukerewe

JIBU: Marahaba. Pampu iache hapo ilipo, na aliyekuambia imekufa bila hata kushika spana usimpe kitu. Ulichogusa ni filta, kwa hiyo tuanze na filta. Ninavyoona mimi, mashine yako inavuta upepo.

Dizeli haina plagi. Pistoni inabana hewa mpaka inapata joto kali, ndipo nozeli inapuliza mafuta na yanawaka yenyewe. Ili nozeli ifunguke, pampu lazima isukume mafuta matupu, kwa sababu mafuta hayabaniki na hewa inabanika. Povu likiingia, pampu inabaki kubana povu, na nozeli haifunguki. Zile dakika tano zako ni mafuta yaliyokuwa bado kwenye filta na mabomba.

Wengi hapa wanachanganyikiwa kwa sababu hawaoni mafuta yakivuja. Hayatavuja. Kama tangi liko chini ya mashine, bomba lote kutoka tangini mpaka pampu ndogo, ile inayovuta mafuta kutoka tangini, linanyonya. Penye upenyo hewa inaingia, tone halitoki. Unaweza kupapasa bomba zima ukalikuta kavu, na tatizo liko hapo hapo.

Fungua tena ile filta. Ingiza kidole kwenye mfereji wa kichwa chake, juu kabisa, uzungushe taratibu. Mara nyingi mpira wa zamani wa kuzibia filta unabaki umeganda humo, mweusi kwenye weusi, macho hayauoni, na mpya unawekwa juu yake. Mipira miwili haikai sawa hata ukikaza kwa nguvu zote. Utoe wa zamani, pangusa mfereji kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, pakaza mpira mpya dizeli kidogo, ndipo ufunge. Zile washa za shaba nazo huwa ngumu zikishabanwa mara moja. Kama huna mpya, zichome mpaka ziwe nyekundu, zitumbukize majini, zisugue masizi. Zinalainika na kushika tena.

Sasa toa upepo. Fungua koki ya tangi. Legeza skrubu ya juu ya filta, pampu kwa kile kijiti cha pampu ndogo. Kijiti kikiwa hakisukumi kitu, usidhani kimeharibika: kemu, ile nundu ya ndani ya mashine inayoisukuma pampu hiyo, imekisimamisha. Zungusha mashine mzunguko mmoja kwa mkono, kitashika. Pampu mpaka mafuta yatoke bila povu hata moja, kaza skrubu huku mafuta yanatoka. Hamia skrubu ya pampu ya nozeli, fanya hivyo hivyo. Mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozeli, fungua mkono wa mafuta mpaka mwisho, piga stata mpaka mafuta yarukeruke, kaza. Kama ekzosi yako inapitisha maji, funga koki ya maji ya ziwa wakati unapiga stata, yasije yakajaa na kurudi kwenye silinda. Ifungue mara tu mashine inapowaka. Na usiweke kidole kamwe mbele ya nozeli au bomba linalorusha mafuta. Msukumo ule unapenya ngozi. Hata tundu likiwa dogo kama la sindano, ni jeraha la kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

Ikizima tena, chukua dumu dogo safi la dizeli, lining'inize juu ya mashine, ulete bomba la mpira moja kwa moja kwenye pampu ndogo. Ikienda vizuri, ubovu uko nyuma: filta, bomba au tangi. Kabla hujafumua bomba, legeza kifuniko cha tangi tu uone. Ikipona, tundu la kupumulia la tangi limeziba, mara nyingi kwa rangi au matope ya nyigu.

Jambo moja zaidi, kwa ninyi wa visiwani ambao dizeli inawafikia kwenye madumu. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanakaa chini. Acha dumu litulie usiku kucha, mimina taratibu, na vikombe vya mwisho visiingie tangini. Boti ikilala, ilale na tangi lililojaa, kwa sababu tangi tupu linatoa jasho ndani usiku na jasho hilo ni maji. Pampu nyingi zinazotupwa kule Mwaloni, Mwanza, zimeuawa na maji. Hili linaniuma, maana bei ya pampu moja ni ada ya mtoto.

SWALI: Fundi, nikipita kwenye magugumaji mashine inapanda joto. Nimeambiwa nitoe thamostati, ile inayodhibiti joto la mashine. Ni sawa?
Msomaji, Sengerema

JIBU: Si sawa. Thamostati haijakukosea. Lile gugumaji tulilozoea, lenye maua ya zambarau, linazuiwa mdomoni pa bomba la kuvuta maji ya kupoza mashine. Hili dogo la siku hizi, salvinia, linakatika vipande na kuingia mpaka kwenye chujio. Joto likipanda, zima, funga koki, safisha chujio. Kisha fungua kifuniko cha pampu ya maji utazame impela, lile gurudumu lenye mabawa linalosukuma maji. Ikikosa maji inaungua kwa muda mfupi sana, na mabawa yake yanakatika. Yahesabu. Bawa lililopotea halijaenda ziwani, limekwama mbele, kwenye bomba au kwenye kipoza joto. Usipolitoa, impela mpya itachemsha vile vile. Weka impela ya akiba ndani ya boti pamoja na gasketi yake.

Mashine ikiwa imechemka, usifungue kifuniko cha rejeta na usiimwagie maji ya ziwa. Silinda hedi itapasuka. Subiri ipoe.

SWALI: Nimeletewa vipande vya zinki kutoka Dar vya kuzuia kutu kwenye shafti na propela. Nivifunge?
Msomaji, Igombe

JIBU: Zinki ni ya bahari, dada yangu. Kwenye maji baridi kama ya ziwa letu inajipaka gamba na kuacha kufanya kazi, wewe ukidhani unalindwa. Tafuta ya magnesi, au ya alumini. Na usiipake rangi.

SWALI: Oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Naweza kumalizia safari za wiki hii?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Hapana, kaka. Usiiwashe tena hata kwa kuijaribu. Maji yameingia kwenye oili, na beringi za krenki zinakwisha haraka mno. Kabla ya kufumua silinda hedi, tazama pampu ya maji inayoendeshwa na mashine. Kati ya sili (kizuizi cha kuvuja) ya maji na sili ya oili kuna kitundu kinachotazama chini. Sili ikichoka, maji yanadondoka hapo, lakini kitundu kikiziba kwa uchafu yanaelekea kwenye oili. Kizibue kwa waya. Yakidondoka, badilisha sili zote mbili. Yasipodondoka, anayefuata ni kipoza oili, kisha gasketi ya hedi.

Ukishapata chanzo, mwaga oili yote na filta yake, weka mpya ya bei nafuu, washa dakika chache bila mzigo, mwaga tena. Rudia mpaka kijiti cha kupimia kitoke safi, ndipo uweke oili yako ya kazi.