Mke wa baba mdogo ananitesa, nataka kuhamia Kasapa

*Jambo Tantine, shangazi yetu wa gazeti. Mimi ni kijana wa miaka 20, nimetoka Kongolo, niko mwaka wa kwanza wa chuo kikuu hapa Lubumbashi. Ninaishi Katuba kwa baba mdogo. Yeye hana neno, shida ni mke wake, anayeuza sokoni. Ananiamsha saa kumi na moja alfajiri nijaze bidoni za maji, matokeo yake nachelewa kozi. Saa tatu usiku geti limefungwa. Siku za ubatizo wa mableu, yaani kukaribishwa kwa sisi wanafunzi wapya, nilirudi saa tano, nikagonga mpaka majirani wakaamka, nikaingia nikakuta bukari (ugali) imepoa kwenye sahani iliyofunikwa, hakuna hata wa kunisalimia. Juzi amenifezehesha mbele ya watoto wake: "We mutoto, bordero ya benki iko wapi?", ile karatasi ya kuonyesha nimelipa masomo. Baba alituma feza ya tranche (awamu) ya kwanza ya masomo, ila sehemu yake ilitumika kwa mahitaji ya masomo, kama simu, maana silabusi siku hizi zinatumwa kwa WhatsApp. Rafiki wawili niliokutana nao kwenye ubatizo wamepata chumba karibu na Kasapa, kwenye kampasi, tugawane kodi. Tantine, nimwambieje baba ili atume feza ya garanti, ile dhamana ya chumba, bila kumuuliza mdogo wake?*

*Bleu wa Katuba*

Mwanangu, pole. Kutoka Kongolo mpaka huku ni njia ndefu, na mwaka wa kwanza chuoni kila mtu anakuona mshamba, kuanzia mapoil, wanafunzi wa miaka ya juu, mpaka konvoyeri wa taxi-bus. Pole yangu imeishia hapo. Sasa tuongee.

Barua yako nimeisoma nikiwa na kalamu mkononi. Unasema unaamshwa saa kumi na moja, kwa hiyo unachelewa kozi. Kozi ya saa mbili? Mtu aliyeamshwa saa kumi na moja, akajaza bidoni nne, akaoga, akanywa chai, bado ana muda wa kushuka mjini na kubadili gari la Kasapa. Anayechelewa ni yule aliyelala saa nane akichezea simu. Na maji hayo, umeshajiuliza kwa nini ni alfajiri? Katuba bomba halikungojei uamke. Linatoka saa linayotaka, na asiyekuwepo na bidoni yake atanunua maji mchana kwa feza yake. Kabla hujafika wewe, nani alikuwa anaamka? Huyo huyo mama unayemshitaki kwangu. Alikuwa anateka ya watu wake. Umekuja wewe na suruali zako za jinzi za kufua, bidoni zimeongezeka, na amekuomba mkono. Hayo unayaita mateso.

Turudi kwenye ile sahani, kwa sababu umeipita haraka, na mimi ndipo niliposimama. Nyumba ina watoto wadogo. Bukari ya jioni inaliwa ya moto, na watoto wa nyumba hawajui neno "imebaki". Ili sahani ifike saa tano usiku ikiwa na bukari, na bila shaka na mboga pembeni ambayo umenificha, kuna mtu alikata sehemu yako kabla ya kugawia wengine, akaifunika, akaiweka juu mahali ambapo mikono midogo haifiki, akawakemea wawili watatu walioizunguka. Mtu anayekuchukia angeosha sufuria, akaenda kulala. Unalalamika imepoa? Makaa ya kuipasha saa tano usiku angenunua nani?

Na hakukusalimia. Mwanangu, alikuwa ametoka kitandani kumfungulia geti kijana anayegonga mpaka mtaa mzima unaamka. Katika mji huu wezi wa usiku si hadithi ya kutishia watoto, na wengine wanabeba silaha. Anayefungua geti saa tano usiku anawafungulia wote walio nyuma yako gizani. Mimi ningekufungulia pia, lakini kwa maneno ambayo gazeti haliwezi kuyaandika.

Haya, bordero.

Hapa ndipo barua yako ilipozaliwa. Hayo ya maji na geti ni vumbi la kutufunika macho. Baba yako alituma feza ya tranche kamili. Wewe unaandika "sehemu yake ilitumika", kama vile feza ilitembea yenyewe ikaenda kununua simu. Sehemu gani? Nusu? Zaidi ya nusu? Kama ingekuwa kidogo ungeitaja. Silabusi inafunguka hata kwenye simu ya bei ndogo iliyopasuka kioo, wanafunzi wenzako wanasoma hivyo hivyo na wanafaulu. Kisha mama wa nyumba, ambaye si mzazi wako, amekuwa wa kwanza kuuliza karatasi ya benki iko wapi. Baba mdogo hajauliza. Baba yako Kongolo hajauliza. Yeye ameuliza, na tangu siku hiyo amekuwa mbaya.

Ninaona mpango wako kama vile umeuandika kwa herufi kubwa. Feza ya garanti ikifika, sehemu inaziba shimo la tranche, sehemu inakuingiza kwenye chumba cha Kasapa ambako hakuna mtu wa kuuliza bordero. Ndiyo maana unataka baba asiongee na mdogo wake. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na hii yako ina urefu wa simu moja tu: siku hao ndugu wawili watakaposalimiana, umekwisha.

Nitakupa haki yako mahali pamoja. Kukuuliza mbele ya watoto haikuwa vizuri. Kijana wa miaka 20 anavutwa pembeni. Lakini niambie ukweli, mara ngapi alikuvuta pembeni kwanza, na wewe ukajibu "nitaleta kesho, mama mdogo"?

Sasa ngoja niseme na wengine kidogo, kwa sababu barua za aina hii zinanijia kila mwaka masomo yanapofunguliwa, na kila mara mshitakiwa ni mwanamke wa nyumba. Baba mdogo "hana neno". Bila shaka hana neno! Anatoka asubuhi, anarudi jioni, anakula, anakuuliza "masomo yanaenda?", analala. Neno atalitoa wapi? Chuo hiki kimefunguliwa mwaka 1956, mji ukiitwa Élisabethville, na tangu zamani hizo watoto wa Kongolo, Kabalo na Kamina wanashuka na treni na kulala kwa ndugu. Hilo ni zuri, hakuna anayelipinga. Ila wakati baba wengi wa mji huu walikuwa wa Gécamines, kampuni ya madini, unga uliingia nyumbani na kampuni, mfuko baada ya mfuko, na mgeni mmoja zaidi hakuonekana kwenye sufuria. Miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kampuni kwa mara moja. Wageni hawakuacha kuja. Kilichobadilika ni mfuko wa unga: leo unatoka kwenye meza ya mama sokoni, kwenye nyanya na samaki wa tomson anaowapanga mafungu tangu asubuhi, na kwenye likelemba, mchango wa kupokezana, anayochangia na wenzake. Halafu mume anamtangazia Ijumaa kwamba mtoto wa kaka anafika Jumapili, miaka yote ya masomo.

Ndiyo maana mabinti wa siku hizi wanapochumbiwa wanauliza mapema: nyumba ina vyumba vingapi, na ndugu zako wangapi watalala humo? Wazazi wanakasirika, wanasema binti hana adabu. Mimi nasema amewaona mama zake. Mahari inalipwa, picha zinapigwa kwenye ofisi ya komine, watu wanacheza, na hakuna anayemwambia bibi arusi kwamba ameolewa na mtu mmoja na atapikia ukoo. Wanaume, mgeni wa ukoo mnampokea wawili au hampokei. Na gharama zake mnazijua wawili. Baba mdogo, kama mke wako anakusomea safu hii, anza na bidoni moja wewe mwenyewe.

Nimetoka njiani, ninarudi. Bleu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umepewa bidoni.

Kuhusu chumba. Sisemi mwanafunzi asipange. Katuba mpaka Kasapa ni magari mawili kwenda na mawili kurudi, nauli inakula, na mvua ikinyesha asubuhi hata gari la kwanza halipatikani. Hilo ni tatizo la kweli, na ajabu ni kwamba barua yako hailitaji hata kwa neno moja. Lakini chumba cha mwanafunzi ninakijua kinavyoingiwa. Kwanza ni komisioneri, dalali ambaye anakula feza ya kukutembeza, kisha anadai ya kwake mkipatana na mwenye nyumba. Kisha garanti. Sheria ya mwaka 2015 imeweka garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu, na wenye nyumba wengi wanaomba zaidi bila aibu, kwa sababu wanajua bleu hasomi sheria. Uliza mkataba wa karatasi. Uliza jina la nani limeandikwa humo, maana yule mwenye jina ndiye atakayebanwa wenzake wakikosa feza. Chumba kikatazame mvua ikinyesha, uone paa na uone choo cha nje kinafikiwaje. Kwa habari za maji na umeme usimuulize komisioneri, muulize mpangaji wa mlango wa pili.

Na hao rafiki wawili, mmejuana kwa kumwagiwa unga kichwani na kuimbishwa na mapoil. Ni furaha ya wiki moja, mimi siizuii. Lakini bado hujamwona mmoja wao mwisho wa mwezi. Kuna atakayeleta mchumba wake na kukutoa nje ukasome silabusi uani. Kuna atakayekula unga wa watatu na kusema feza yake iko njiani. Mwezi wa sita baridi ya hapa itawakuta na blanketi moja. Siku hiyo utaikumbuka bukari iliyopoa, utaitaka hata bila mboga.

Hukumu yangu: hauhami mwaka huu, na baba yako haombwi hata franga moja ya garanti. Maliza mwaka wa kwanza, faulu, kisha mwaka wa pili mkae chini, wewe, baba yako na baba mdogo, muongee habari ya chumba au ya home (bweni) ya chuo, mchana kweupe.

Kabla ya hapo kuna la wiki hii. Simu hiyo uiuze. Usimpe wa kwanza anayekusimamisha njiani, nenda nayo mjini na mtu mzima, chukua ya bei ndogo, na kinachobaki kiende benki. Usikibebe mfukoni siku nzima ukisema utalipa kesho. Ukibadilisha dola, kagua kila noti mbele ya kambisti. Yenye mchaniko hata kidogo kesho utarudishiwa kila mahali. Shimo linalobaki, hesabu hasa ni kiasi gani, andika kwenye karatasi.

Karatasi hiyo usianze nayo kwa baba mdogo. Mpelekee mama mdogo. Mngoje jioni watoto wakilala, akiwa peke yake kwenye mbabula, jiko la makaa, ukae chini, usisimame mlangoni. Mwambie: mama mdogo, feza ya baba nimeila, imebaki hii, nimekosa hii, naomba unisaidie kumwambia baba mdogo. Atapiga kelele. Mwache apige, usijibu, usimweleze habari za WhatsApp. Mwanamke anayezungusha meza sokoni anajua tranche inapatikanaje kidogo kidogo, na anajua saa gani mume wake anaweza kusikia neno gumu bila kuvunja kiti. Hata Kongolo, simu ya kumwambia baba yako itapokelewa vizuri zaidi ikianza na sauti yake kuliko yako.

Jumamosi, kama hakuna kozi, mbebee mzigo mpaka sokoni na umsaidie kupanga meza. Usiombe nauli ya kurudi. Na bordero ikishatoka benki, mwonyeshe yeye kwanza, mbele ya wale wale watoto.