Maswali na majibu: vizidishi vipo, data iko wapi?

Ninabuni chipu ya kuchakata mawimbi. Kichujio changu (saketi inayozidisha sampuli, yaani vipimo vya wimbi, kwa namba maalumu na kujumlisha majibu) kina namba 64 za kuzidishia, sampuli milioni 100 zinaingia kila sekunde, na chipu inakwenda megahezi 400, yaani mipigo ya saa milioni 400 kwa sekunde. Niweke vizidishi vingapi?

Kila sampuli inadai kuzidisha mara 64, yaani mara bilioni 6.4 kwa sekunde. Kizidishi kimoja kinamaliza milioni 400, kwa hiyo ni 16. Ila usikimbilie kuchora. Kama namba za kichujio zinafanana kutoka ncha zote mbili kuja katikati (na mara nyingi ndivyo zilivyo), jumlisha kwanza sampuli mbili zinazosubiri namba ileile, ndipo uzidishe. Vizidishi vinabaki 8.

Nimeongeza vizidishi mara nne kwenye saketi ya Fourier ya haraka (FFT, inayotenganisha wimbi katika masafa yake), pointi 1024. Kasi iko palepale. Nimekosea wapi?

Vizidishi vyako vina njaa. Kumbukumbu ya milango miwili inafikiwa mara mbili tu kwa mpigo mmoja wa saa, kusoma na kuandika pamoja, hata ukiweka vizidishi mia. Igawe iwe mabenki, yaani vipande vinavyofikiwa kwa wakati mmoja.

Hapo kuna mtego, nami niliwahi kuuingia: kuchagua benki kwa biti ya mwisho ya anwani. Hesabu hii huenda kwa hatua kumi, kila hatua ikichukua data jozi kwa jozi. Hatua ya kwanza inataka anwani 0 na 512 kwa pamoja. Zote shufwa, zote benki moja, moja inaingoja nyingine. Badala yake, iandike anwani kwa biti, uhesabu ina tarakimu 1 ngapi. Zikiwa shufwa, benki ya kwanza. Zikiwa witiri, ya pili. Anwani 0 haina hata moja, 512 inayo moja: zimeachana. Na kwa kuwa kila jozi hutofautiana kwa biti moja tu, hazigongani toka hatua ya kwanza hadi ya kumi. Kwa mabenki zaidi wazo ni hilohilo, kinachoongezeka ni hesabu za anwani.

Data na namba za kichujio ni biti 16. Rejista (hifadhi ndogo ya namba ndani ya chipu) ya kujumlishia iwe na biti ngapi?

Jibu la kuzidisha ni biti 32. Ukijumlisha majibu 64, ongeza 6, ziwe 38. Weka 40 ulale usingizi.

Kichujio changu kinatumia tokeo lake lililopita, hivyo siwezi kukata kazi vipande na kuweka rejista katikati ili saa iende kasi zaidi. Nikate tamaa?

Usikate. Tokeo la sasa ni *a* (namba ya kichujio) mara tokeo lililopita, jumlisha ingizo. Basi lifungue hilo lililopita: utapata *a²* mara tokeo la mipigo miwili nyuma, jumlisha *a* mara ingizo lililopita, jumlisha ingizo la sasa. Kitanzi, yaani njia inayorudisha tokeo kwenye hesabu, kimepata mipigo miwili ya kupumua. Rejista yako inaingia hapo. Gharama yake ni kizidishi kimoja cha ziada, nacho kiko nje ya kitanzi, unaweza kukikata vipande upendavyo.