Hisa na mfumuko wa bei: sikiliza watu wanatarajia nini

Kila Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Dodoma, inapotangaza mfumuko wa bei, kuna rafiki ataniuliza kama auze hisa zake. Huwa namwambia atulie. Takwimu ile inaeleza bei zilivyokwisha kwenda, ilhali soko la hisa linahangaika na kesho.

Nenda soko la mahindi la Kibaigwa mvua zikikata Februari. Mahindi yaliyoko ghalani ni yale yale ya msimu uliopita, lakini bei imeshapanda kwa sababu wafanyabiashara wameshapiga hesabu ya mavuno mabaya. Kwenye hisa matarajio hufanya kazi hiyo hiyo, ila mara nyingi huishusha bei. Mwekezaji anayehofia vitu kupanda hudai faida kubwa zaidi, kwa hiyo hakubali kununua mpaka bei iteremke. Anajua pia kwamba Benki Kuu inaweza kupandisha riba, na hapo hatifungani za serikali, yaani mikopo ambayo serikali huchukua kwa wawekezaji na kuwalipa riba, zinavuta fedha upande wao.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema hisa ni kinga ya mfumuko wakati wote. Marekani, fahirisi ya Dow Jones, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za huko, ilikaribia 1,000 mwanzoni mwa 1966. Agosti 1982 ilikuwa chini ya 800, na katikati hapo gharama za maisha zilifika kama mara tatu. Miaka mingi ya kungoja, na fedha inayeyuka!

Kwetu mfumuko umetulia kwa miaka kadhaa ndani ya lengo la Benki Kuu, asilimia 3 hadi 5, kwa hiyo mimi naangalia zaidi kampuni yenyewe. Nafungua hesabu zake na kuuliza: gharama zikipanda, inaweza kupandisha bei na wateja wakabaki? Ikishindwa, siigusi.

Halafu napiga hesabu ya gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa. Tuseme ni asilimia 7 ya bei niliyonunulia. Kodi ya zuio, inayokatwa kabla gawio halijanifikia, ya asilimia 5 inapunguza kidogo, inabaki 6.65. Mfumuko ukiwa 3, nimebaki na kama 3.65, na hiyo ndiyo faida ninayoihesabu, kabla ya bei ya hisa kupanda au kushuka.

Ada ya watoto ya Januari usiiweke huko, ndugu yangu. Baadhi ya hisa za soko la Dar es Salaam hukaa siku nyingi bila mnunuzi.