Siku alizofanya ni zake, notisi idaiwe mbali

Mhariri, assalaam alaykum. Swali lenu la wiki hii linauliza: mfanyakazi ameacha kazi ghafla bila ya notisi, kisha anadai mshahara wa siku alizofanya, mwajiri amlipe au azuie? Nina bekari ndogo hapa Chake Chake. Tunachoma boflo za madukani na za kupelekwa vijijini kwa baiskeli, na jambo hili limenifika. Jibu langu ni kwamba mlipe, tena kwa wakati na kwa maandishi. Kama notisi unaidai, idai, lakini iwe daawa yake peke yake.

Najua wenye biashara wengi hawataki kusikia hivyo, na uchungu wao naujua. Kazi ya mikate haina kesho. Unga unakandwa jioni, unaachwa uumuke, tanuri linawashwa usiku, na ikifika alfajiri vijana wa baiskeli wako nje na makasha yao wanangoja. Fundi wa kukanda asipotokea, huna la kumwambia mteja. Mwenye duka akikosa boflo zako leo atachukua za mwengine, na kumrudisha ni kazi. Fundi wangu aliondoka mwezi wa Juni, wakati mahoteli ya Nungwi na Paje yanatafuta watu kwa ajili ya msimu wa watalii. Alinipigia simu yumo botini, keshaondoka Mkoani. "Mama, shikamoo. Nisamehe, nimepata kazi hotelini Unguja, wamesema nikichelewa wanachukua mtu mwengine." Usiku ule tulikanda mimi na dada yangu mpaka mikono ikafa ganzi, na boflo zilitoka pungufu. Nilikasirika, na nilikuwa na haki ya kukasirika.

Mwisho wa mwezi akatuma ujumbe kuulizia pesa zake. Hapo ndipo kila mtu anapogeuka mshauri. Huyu anakwambia usimpe hata senti, akome. Yule anakwambia mwite aje achukue mwenyewe mkononi, naye anajua vyema kwamba nauli ya boti na siku za kazi atakazokosa kule zitamvunja moyo asije. Ushauri huu wa pili ndio unaoniudhi zaidi, maana una sura ya kukubali kulipa na ndani yake ni kunyima.

Mshahara wa siku zilizokwisha kufanywa si tunzo ya tabia njema. Boflo alizokanda nimeziuza na fedha nimeipokea. Waislamu tunaijua hadithi ya kumpa mwajiriwa ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na ile hadithi qudsi iliyomo katika Bukhari, inayomtaja aliyemwajiri mtu, akafanyiwa kazi yake kamili, asimpe ujira wake, kuwa ni mmoja wa watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa khasimu wao Siku ya Kiyama. Wapo wanaonijibu kwa hadithi nyengine, kwamba Waislamu hufuata masharti waliyowekeana, na huyu kayavunja. Kweli kayavunja. Lakini sharti alilolivunja ni la siku za mbele, zile ambazo alitakiwa abakie ili nitafute mtu mwengine. Siku za nyuma alizitimiza, na hazifutiki kwa kosa lililokuja baadaye.

Sheria nayo iko upande huo. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka ajira inapokwisha mishahara yote inayodaiwa ilipwe kwa mujibu wa sheria ya nchi au, pasipokuwa na sheria hiyo, ndani ya muda unaokubalika. Makato nayo yanafungwa na masharti ya sheria au makubaliano ya pamoja. Si kila mwajiri ajikatie anavyoona. Na hapa niwakumbushe wenzangu wa Unguja na Pemba jambo ambalo watu wanalichanganya kila siku. Mambo ya kazi si ya Muungano. Sisi tuna Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Na. 1 ya 2005. Nimeona mikataba ya maduka na nyumba za wageni hapa hapa visiwani iliyochukuliwa intaneti kama ilivyo, inataja notisi ya siku 28 na kupelekana CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hiyo ni sheria ya Tanzania Bara ya 2004. Ukigombana na mtu ukiwa na karatasi kama hiyo umejifunga mwenyewe kabla hujaanza.

Sasa hesabu, maana ugomvi mwingi wa mshahara wa mwisho unaanzia kwenye kugawanya. Tuseme fundi analipwa 390,000 kwa mwezi, na ameondoka baada ya tarehe 20, siku tatu kati ya hizo zikiwa za mapumziko. Ukihesabu siku za kazi tu, amefanya 17, na mwezi wa kawaida una siku za kazi 26. Kila siku inakuwa 15,000, na haki yake ni 255,000. Ukihesabu siku zote za kalenda, ni 20 kati ya 30, kila moja 13,000, inakuja 260,000. Njia zote mbili zinakaribiana na zote zinaeleweka. Kinachofanywa na baadhi yetu ni kuchukua siku 17 za kazi kisha kuzizidisha kwa 13,000, ambayo ni siku ya kalenda. Inatoka 221,000. Hapo umemla mtu 34,000 na hesabu inaonekana safi. Mfanyakazi naye akitaka siku 20 kwa 15,000, yaani 300,000, mwambie hapana, na umuoneshe kwa nini. Chagua njia moja uliyokuwa ukiitumia siku zote kwa wafanyakazi wako wote, uiandike, umtumie hesabu nzima aione kabla hujatuma pesa.

Alichokopa kwenye mshahara ni deni lake na kinakatwa, mradi kimeandikwa na alitia saini siku ile alipochukua. Kama alichukua 80,000, katika ile 255,000 anabakiwa na 175,000. Lakini sinia lililopinda, unga ulioharibika, wateja waliohama, haya usiyakate kwa kuyakisia na kuyatia bei mwenyewe. Ufunguo na aproni mwambie avirejeshe. Usizuie mshahara mzima kwa ajili ya aproni.

Tunakuja kwenye notisi yenyewe. Ikiwa mna mkataba wa maandishi, na umesema anayeondoka bila ya kutoa taarifa atalipa mshahara wa kipindi hicho, basi una dai la kweli, na sikulaumu ukilifuata. Ikiwa mlikubaliana kwa mdomo tu, ujue unasimama pabovu. Kwa vyovyote mwandikie barua: nimekulipa kiasi kadhaa kwa siku ulizofanya, na nakudai kiasi kadhaa kwa kutotoa notisi. Akikubali kwa maandishi kikatwe, kikatwe. Asipokubali, kuna kitengo cha kushughulikia migogoro ya kazi kilichoanzishwa chini ya ile Sheria ya Mahusiano Kazini; wanaanza na usuluhishi, kisha ndio uamuzi, na mbele yake ipo Mahkama ya Kazi. Ukienda huko ukiwa umeshalipa siku alizofanya, unakwenda kama mdai. Ukienda umezishikilia, mazungumzo yote yatakuwa juu ya ulichokizuia, na notisi yako haitasikika. Mimi sikumdai wangu. Nilipima usumbufu, nikaona fedha ile haitanirudishia duka hata moja lililonihama. Mwengine mwenye hasara kubwa zaidi anaweza kuamua vyengine.

Yako mambo ambayo nimeyashuhudia yakifanywa hapa kwetu na nayachukia waziwazi. La kwanza ni kwenda kwa mama wa kijana. Visiwa ni vidogo, mama anajulikana anakaa wapi, basi mwajiri anakwenda kubisha hodi kumdai mtu mzima ambaye hakuajiriwa naye wala hakutia saini popote. Mama anaona haya mbele ya majirani, anauza kuku wake ili alipe deni ambalo pengine si deni. Jengine ni kukimbilia polisi na tuhuma ya wizi ambayo mwajiri mwenyewe anajua haipo, ili kijana aogope asidai. Na kuna wanaoshikilia vyeti vya skuli au kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Kama unahitaji mtu wa kati, mwite sheha awe shahidi wa malipo, au mtu mnayemheshimu nyote wawili, hesabu isomwe mbele yake.

Mimi nilimtumia fedha zake kwa simu, ili kumbukumbu ibaki kwake na kwangu, pamoja na picha ya karatasi ya hesabu. Alijibu, "Nimepokea mama, ahsante, na usiku ule unisamehe." Nilimwambia kuhusu usiku ule bado nina kinyongo, na kwamba fedha ni zake.

Na jambo moja wengi hulisahau: mchango wa ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, wa siku hizo alizofanya. Upelekwe pamoja na wa wenziwe, wake uliomkata na wako wewe mwajiri, ndipo jina lake litoke kwenye orodha yako.