Kolaida mpya: duara au mstari?

Swali: Mwalimu shikamoo, mi niko Makorora hapa Tanga, nasoma fomu foo. Nasikia wanasayansi wa nchi kibao wanakutana kupanga kolaida mpya, yaani mashine ya kugonganisha chembe, na wakati ile ya CERN, maabara ya fizikia kule Ulaya, bado inapiga kazi, sasa wanabishania nini hasa?

Jibu: Marahaba mwanangu. Ubishi mkubwa ni umbo. Wanataka kutumia elektroni, nayo ni nyepesi mno, ukiipitisha kwenye kona inatoa mionzi na kupoteza nguvu, ndo maana wengine wanataka njia iliyonyooka kama ILC, kolaida ya mstari iliyopendekezwa kujengwa Japani, ila hapo chembe zinapita mara moja tu basi, kwenye duara zinazunguka tena na tena mpaka zigongane. CERN wao wanapendekeza duara lenye mzunguko wa kilomita 91 hivi, la sasa lina 27 tu, na hilo jipya ukilikata katikati toka upande hadi upande ni kama kilomita 29, toka Ngamiani unaipita Pongwe unaitafuta Muheza! Wote wanachotaka kwanza ni kuipima Higgs, chembe inayohusika na kuzipa chembe nyingine masi, kwa makini. Na lazima wawahi kwa kuwa kazi hii inachukua miaka mingi, LHC, yaani hiyo ya sasa ya CERN, ilianza kujadiliwa miaka ya 80, ikawashwa 2008, Higgs ikapatikana 2012. Hiyo mpya ikikubaliwa watakaoitumia ni rika lenu, nimefurahi sana umeuliza.