Michezo ya Star Trek kwa mgeni

Ndugu, umeuliza kama michezo ya kompyuta ya Star Trek inamfaa mtu asiyefuatilia tamthilia yenyewe kwenye televisheni. Binafsi ningeanza na Bridge Commander ya mwaka 2002, kwa sababu humweka mchezaji katika kiti cha nahodha wa chombo cha angani, akiwaamuru maofisa wake na kuamua nishati ielekezwe kwenye ngao, injini au silaha, badala ya kumfanya rubani wa kukimbizana tu. Michoro yake imechakaa, sikatai. Elite Force ya mwaka 2000, inayohusu kikosi cha chombo cha Voyager, inasisimua pia, ingawa wapo wanaolalamika, nami nawaelewa, kwamba ufyatuaji mwingi namna ile hauendani na tamthilia iliyojengwa juu ya uchunguzi na diplomasia.