Kabla ya Udzungwa, panda Rondo

Mkuu, umeuliza kama wewe uliyeko Nachingwea ujichange nauli ya Udzungwa ili uanze kutazama ndege wa msituni. Udzungwa utakwenda tu, ipo siku. Ila yule kware wa milima ile, aliyegunduliwa 1991, hapatikani kwa matembezi ya asubuhi moja: ni kupanda na kulala mlimani. Kwa anayeanza, na aliye Lindi hii hii, mimi nasema panda Rondo, uwanda wa juu wenye msitu mkoani kwetu.

Watu wetu wengi wanaijua Rondo kwa mbao. Mivule mikubwa ilikatwa sana enzi za mkoloni, na sehemu ikapandwa miti ya biashara. Kwenye mitiki usipoteze muda, tafuta msitu wa asili uliobaki. Humo yumo ndege aitwaye zuwakulu wa kijani ambaye ndugu zake wa karibu wako msitu wa Ngoye, Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapa! Kila nikimsikia najivunia kuzaliwa mkoa huu.

Nimesema nikimsikia, kwa sababu ndivyo msitu unavyotazamwa. Fika kabla jua halijachomoza, tembea hatua chache, simama, kaa kimya hadi uchoke, ndipo usogee tena. Zuwakulu anagonga sauti moja, ileile, ileile, juu kabisa ya miti. Hondohondo analia kama mtoto mchanga, kwa huyo hata darubini huihitaji. Wadogo ndio kazi. Ukikuta siafu wanakatiza njia, shukuru Mungu, rudi nyuma kidogo ungoje: wadudu wanaowakimbia siafu huwaleta ndege wanaojificha chini, hata yule mdogo wa kifua cha rangi ya chungwa ambaye wageni husafiri kutoka mbali kumtafuta.

Darubini ya kukuza mara 8 inatosha. Ya mara 12 hutikisika mkononi, na msituni mwanga ni hafifu.

Nenda mvua zinapoanza kunyesha, ndege wanaimba zaidi, lakini barabara ya kupandia huteleza, kwa hiyo uliza hali yake kwanza. Kibali chukua kwa watu wa TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, maana ni hifadhi ya mazingira asilia, na tafuta mwenyeji wa kijiji cha jirani akuongoze. Mlipe vizuri. Anayepata riziki kwa ndege hao atakuwa wa kwanza kumkemea mwenye shoka.